Nimefunga klasta ya mtumba kwenye Golf 4, gari inawaka sekunde moja halafu inazima

mshale_sifuri

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mnisaidie kabla sijaharibu zaidi maana hapa nilipo nimeshaanza kujilaumu.

Gari ni Golf 4 ya 2002, petroli 1.6, gia za mkono. Klasta yake (ile paneli ya mishale na kilomita) imezeeka, kama miezi minne iliyopita ikaanza vituko, natembea vizuri tu mara mishale yote inalala sifuri, skrini ya kilomita inapotea, napiga kofi juu ya dashibodi vinarudi. Mwanzoni kofi moja lilitosha, baadae yakawa matatu, sasa hivi hata nikipiga ngumi hakuna kitu. Na kuna asubuhi mbili gari iliwaka ikazima hapohapo, nikajaribu tena ikakubali, sikutilia maanani.

Basi nikapata klasta ya mtumba, muonekano ni uleule kabisa, saa ziko sehemu ileile, soketi zimeingia bila kulazimisha, nikasema hii kazi ya dakika ishirini. Nimefunga, nawasha switchi, taa zote zinawaka vizuri, mishale inapanda. Nastati, injini inashika sekunde moja, moja na nusu hivi, puu inazima. Taa ya imobilaiza (kinga ya wizi) inapepesa. Nimejaribu kama mara sita, hivyo hivyo. Halafu hii klasta inasoma kilomita 241,000 na yangu ilikuwa 187,000 na kitu.

Fundi mmoja ananiambia ni ya kukodi tu na mashine, mwingine anasema nitoe imobilaiza kabisa. Mimi nilidhani kukodi ni nyumba. Nifanyeje?

gofu_la_mzee

Pole mkuu, ila hapo gari haina ubaya wowote, inafanya kazi yake. Kwenye hiyo Golf ubongo wa imobilaiza uko ndani ya klasta yenyewe, sio boksi la pembeni. Ufunguo wako una chipu, kwenye switchi kuna koili inasoma ile chipu, klasta inaihakiki, halafu klasta na kontrolboksi ya injini wanaulizana maswali yao. Wakielewana injini inaendelea. Wasipoelewana inakatwa, na ndio maana ikawaka sekunde moja, ule ni muda wa mazungumzo. Sasa wewe umemleta mgeni asiyejua ufunguo wako na asiyejulikana na kontrolboksi.

Kabla ya lolote: zima switchi, rudisha klasta yako mbovu, washa gari. Kama itawaka ujue hujaharibu kitu. Na ukiwa unachomoa na kuchomeka usiwashe switchi klasta ikiwa nje, maana taa ya eabegi inapitia humo, moduli ya eabegi itaandika kosa na utaanza kuhangaika na taa nyingine ambayo haikuwepo.

Ukisharudisha tuambie.

Wayamweusi

Asikudanganye mtu na habari ya kutoa imobilaiza. Kwanza unaachia gari iibiwe kirahisi, pili klasta bado itakuwa na kilomita za gari la watu.

Kukodi alikokusema fundi wa kwanza, yaani kuiandikia klasta kodi (coding), kupo na ni kweli, ila watu wanachanganya vitu viwili na hapo ndipo hela za watu zinapoteketea. Kodi ya klasta ni namba ya tarakimu tano inayoiambia gari ina nini, ina kihisi cha breki pedi au haina, ina kihisi cha maji ya waipa, ya nchi gani, silinda ngapi, na mapigo ya sensa ya spidi kwa kilomita ni mangapi. Hiyo unainakili tu kutoka klasta ya zamani, mtu yeyote mwenye VCDS (programu ya kupimia magari ya VW) anaingia moduli 17, ndiyo ya klasta, anaisoma, anaiandika kwenye mpya, dakika mbili kwisha. Ukikosea pale mwisho spidi itasoma uongo. Lakini hiyo kodi HAIHUSIANI na gari kuzima. Gari kuzima ni imobilaiza, na imobilaiza inataka namba ya siri.

Namba ya siri ni tarakimu nne, ukiingiza kwenye mashine unaanza na sifuri zinakuwa tano. Kila klasta ina yake. Kwa klasta iliyotumika unahitaji namba za siri za zote mbili, ya hiyo ya mtumba ili ikufungulie mlango, na ile ambayo kontrolboksi yako inaijua, yaani ya klasta yako ya zamani. Ndio unaingia chaneli 50 kuzioanisha, halafu chaneli 21 kufundisha funguo. Na andaa chipu mpya za funguo, maana chipu za imobilaiza kizazi cha tatu zikishafungwa na gari moja hazikubali kufundishwa gari jingine, hazifutiki.

Na usikubali mtu abahatishe namba. Ukikosea mara kadhaa klasta inakufungia, unatakiwa uache switchi iko on usubiri, ukikosea tena muda wa kusubiri unaongezeka. Nimeshaona mtu amekaa na chaja ya betri imechomekwa mchana kutwa anasubiri klasta imsamehe.

mshale_sifuri

Nimerudisha ya zamani, gari imewaka na haizimi. Mishale imelala kama kawaida yake lakini injini inanguruma. Nimepumua aisee.

Sasa hizo namba za siri nazitoa wapi? Ya mtumba sijui ilitoka gari gani. Ya kwangu sina karatasi yoyote, gari nimenunua kwa mtu naye alinunua kwa mtu.

risasi_moto

Namba za siri zinasomwa humo humo ndani ya klasta, ziko kwenye chipu ya kumbukumbu, kidude cha miguu minane ambacho maandishi yake huanza na 93 au 24. Humo humo kuna kilomita, kuna chesisi namba, kuna data za funguo. Ukielewa hilo umeelewa biashara yote ya klasta za mtumba, unachokihitaji wewe sio lile plastiki na mishale, ni yaliyoandikwa kwenye hicho kidude kidogo.

Kwa hiyo badala ya kumfundisha mgeni kila kitu, mafundi wa vifaa vya elektroniki wanafanya hivi: wanasoma kumbukumbu ya klasta yako ya zamani wanaiandika kwenye ya mtumba. Gari haitajua kama klasta imebadilishwa. Funguo zako zilezile, kontrolboksi ileile, na kilomita zinasoma 187,000 zilezile za kweli. Hakuna chaneli 50, hakuna chipu mpya.

LAKINI, na hii lakini ni kubwa, klasta zote mbili ziwe za mtengenezaji mmoja na toleo moja. Golf 4 walitengenezewa klasta na kampuni zaidi ya moja, kuna za VDO kuna za Bosch, kwa mbele zinafanana kama mapacha na kwa ndani hata mpangilio wa kumbukumbu ni tofauti, ukichukua faili la huyu ukampa yule utapata skrini ya vistari vistari au kilomita za ajabu. Geuza zote mbili nyuma kwenye stika, piga picha, tuwekee namba za kipuri mpaka herufi za mwisho. Hizo herufi za mwisho ndizo watu wanazipuuza.

Na jambo jingine, hebu niambie, ulivyosema unapiga kofi vinarudi. Umeifungua ya zamani ukaangalia?

mshale_sifuri

Sijaifungua hata. Niliona imekufa.

Stika nimeangalia. Ya kwangu ni VDO. Ya mtumba imeandikwa Bosch. 😩 Na herufi za mwisho hazifanani.

risasi_moto

Nilijua tu.

Basi kunakili kumekufa. Umebaki na njia ya Wayamweusi, au njia ninayoipenda mimi ambayo ni kuachana na hiyo ya mtumba na kuifungua yako. Kitu kinachokufa na kurudi kwa kofi hakijaungua mkuu. Kilichoungua hakisikii kofi. Hiyo ni risasi ya kulehemu imepasuka sehemu fulani kwenye bodi, miaka ishirini ya joto, baridi na kutikisika, na mimi nashuku pini za soketi ya nyuma maana pale ndipo plagi inapovuta na kusukuma. Na zile asubuhi mbili gari ilipowaka ikazima? Hiyo hiyo. Umeme wa klasta ulikatika kidogo, imobilaiza ikakosa jibu.

Ukiifungua: shusha usukani chini kabisa na uuvute kwako, toa fremu ya plastiki kwa mkono taratibu, kuna skrubu mbili za kichwa cha nyota, klasta inainama mbele, vibano vya plagi vina mkono wa kuvuta usivivunje. Nyuma ya klasta kuna vishikio vya pembeni. USIGUSE MISHALE. Kwa kuangalia pini za soketi huna haja ya kung'oa mshale hata mmoja, unafungua kwa nyuma. Wengi wanang'oa mishale kwa kiherehere halafu wakirudisha spidi inasoma 15 gari limesimama.

Chukua tochi na kioo cha kukuzia, mulika kwa pembeni sio kwa juu. Risasi nzima inang'aa na imepanda kwenye mguu wa pini kama kichuguu. Iliyopasuka utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, kama pete. Ukigusa pini kwa kijiti cha meno inacheza peke yake, bodi imetulia.

mtu_wa_E46

Samahani kwa kuingilia uzi, mimi nina BMW E46 na nataka kuweka klasta ya mtumba kwa sababu yangu skrini imefifia. Na mimi gari itazima?

gofu_la_mzee

Haitazima. Kwenye E46 imobilaiza ni EWS, iko boksi lake peke yake, klasta haina usemi kwenye kuwasha. Wewe shida yako ni nyingine, kilomita zinahifadhiwa sehemu mbili, kwenye klasta na kwenye moduli ya taa, pamoja na chesisi namba. Wakitofautiana unapata kile kidoti kwenye skrini karibu na kilomita, hicho kidoti mnunuzi yeyote anayejua BMW atakiona kabla hata hajakaa vizuri. Na chipu ya kumbukumbu kwenye nyingi ya hizo ni M35080, sehemu ya kilomita inakubali kuongezeka tu haikubali kupungua, wameiunda hivyo makusudi. Kwa hiyo ukichukua klasta yenye kilomita nyingi kuliko zako, kurudi chini ni mpaka chipu yenyewe ibadilishwe. Tafuta yenye kilomita chache kuliko gari yako, kisha iandikwe kupanda mpaka za kwako.

Ila kama ni skrini tu imefifia kwa nini usibadilishe skrini peke yake? Narudi palepale kwa risasi_moto.

Wayamweusi

Nami niongeze kwa wenye Toyota za zamani za miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, nyingi huko klasta ni chomoa chomeka, gari inawaka bila neno, lakini kilomita zinakuja na klasta. Mtego wao ni mwingine, unakuta umechukua klasta ya gari la otomatiki umeweka kwenye la gia za mkono, au ya dizeli kwenye petroli, RPM inadanganya, pini hazikai sehemu moja, au geji ya mafuta inasoma nusu tenki wakati limejaa kwa sababu ukinzani wa kihisi cha tenki sio uleule. Soketi kuingia haina maana waya zinalingana. Chora kila waya ulinganishe kabla ya kuwasha switchi.

KilomitaHalali

Naona mnaongelea kilomita kama kitu cha pembeni. Jamani mtu akiuza gari yenye klasta ya mtumba na asiseme, ule ni wizi hata kama hakukusudia. Mshale_sifuri angekuwa amepata klasta yenye 90,000 badala ya 241,000 nadhani tusingesikia analalamika 😂

Ujerumani kuchezea kilomita ni kosa la jinai tangu 2005. Marekani ukibadilisha odomita na haiwezi kusoma kilomita zilezile sheria inataka uiweke sifuri na ubandike maandishi kwenye fremu ya mlango wa kushoto, kilomita za mwanzo na tarehe. Mimi hata pasipo na sheria kali nashauri hivyohivyo, karatasi na picha ya klasta zote mbili, weka pamoja na kadi ya gari.

mshale_sifuri

KilomitaHalali umenikamata hapo haha, ni kweli nisingelalamika.

Nimefungua. Nimekaa nayo mezani, tochi pembeni kama mlivyosema, mwanzoni naona zote zinang'aa nikasema risasi_moto leo kanipoteza. Nikageuza bodi kidogo ndio nikaona. Pini mbili zilizofuatana zina ile pete nyeusi, moja ni kamili duara zima, nyingine nusu. Nimegusa na kijiti, ile ya kwanza inacheza kabisa kama jino la mtoto.

Sasa naogopa kulehemu. Nina chuma cha kulehemu kikubwa cha kuunganishia waya za spika.

risasi_moto

Usitumie hicho. Kitachubua njia za shaba kwenye bodi halafu ndio klasta itakufa kwa kweli. Tafuta chuma chenye ncha nyembamba na joto linalorekebishika, kama huna mpelekee fundi simu au redio, kwake ni kazi ya dakika kumi.

Na mwambie hivi, maana wengi wanakosea hapa: asiongeze risasi juu ya ile ya zamani. Ile ya zamani imechoka na imeshika uchafu, aifyonze yote itoke kwanza, apake flaksi (dawa ya kulehemu), alehemu upya na risasi safi, na sio pini mbili tu, safu yote ya soketi. Mbili zimepasuka leo, za jirani zinangoja zamu. Asafishe kwa spiriti.

Na ukiwa umeshaifungua, usiifunge bila kusoma ile kumbukumbu. Fundi mwenye kisomeo cha chipu anaisoma. Bora aitoe kwenye bodi kuliko kuibana na kibanio ikiwa palepale, maana umeme wa kisomeo unaweza kuamsha bodi nzima ukasoma takataka. Asome mara tatu, mafaili yote matatu yakilingana herufi kwa herufi ndio mwamini. Faili lenyewe ni dogo kuliko picha moja ya simu. Jitumie kwenye barua pepe uiache huko. Siku klasta ikifa kifo cha kweli utatafuta VDO yenye herufi zilezile na hutamuuliza mtu namba ya siri.

gofu_la_mzee

Na usijaribu kuingiza kitu chochote chaneli 50 na ile ya Bosch kwa majaribio eti uone itakuwaje. Bila namba za siri utakuwa unabahatisha tu, na klasta itakufungia kama alivyosema Wayamweusi.

mshale_sifuri

Mrejesho wakuu, siku tano baadae.

Nimempelekea fundi wa redio, mzee mmoja mtulivu sana. Nikamuonesha huu uzi, akasoma mpaka mwisho, akasema huyu wa risasi anajua, ila yeye kwa macho yake aliona ya tatu imepasuka ambayo mimi sikuiona. Akafyonza safu yote, akalehemu upya. Kumbukumbu alisoma, mara ya kwanza na ya pili zikatofautiana, akasema mguu mmoja haukushika vizuri, akarudia, tatu za mwisho zikalingana. Ninalo faili kwenye simu na kwenye barua pepe.

Nimerudisha kwenye gari switchi ikiwa off, nikachomeka, nikawasha. Mishale imepanda, skrini imekuja, kilomita 187,412. Gari imewaka mara ya kwanza. Nimepita njia mbovu makusudi, kwa kasi ambayo mke wangu hakuifurahia, haijalala hata mara moja. Mkono unajipeleka wenyewe kwenye dashibodi kupiga kofi, mazoea.

Kitu kimoja tu, geji ya mafuta naona inasoma chini kidogo kuliko zamani, nimejaza tenki mshale umesimama kabla ya alama ya mwisho kama unene wa kidole.

Wayamweusi

Safi sana. Hiyo ya mafuta kwanza endesha hilo tenki liishe uone kama ni kujaza tu hujajaza. Ikiendelea kuna chaneli 30 kwenye moduli 17, ni ya kurekebisha geji ya mafuta kidogo kidogo, andika pembeni thamani iliyopo kabla hujagusa.

Ile Bosch utaifanyia nini?

mshale_sifuri

Nilitaka kuiuza ila nikakumbuka nitakuwa nampa mtu mwingine uzi kama huu. Nimeibandika karatasi nyuma: Bosch, kilomita 241,000, imobilaiza ya gari nyingine, namba ya siri sijui. Mwenye Golf yenye herufi hizohizo na klasta iliyoungua kweli anitafute inbox.

risasi_moto

Kwanza mwambie aifungue yake.